Mama Mdogo Alisema Mimi ni Mwanawe

Zamu ya kuandika mwezi huu imeniangukia mimi. Divine aliniambia niandike kuhusu kutuma maombi ya chuo, maana msimu umefika na watu wameanza kukesha na simu. Nikamwambia sina ushauri wa maana, mimi mwenyewe nimetuma mara ya pili juzi tu na jibu sina. Akasema, "Si uandike ile ya majina." Haya, naandika ile ya majina.

Mimi nina majina mawili. Kwenye vyeti vyote vya shule, kuanzia PLE hadi UACE, naitwa Bahati Paluku. Kwenye atestesheni, ile karatasi ya familia ambayo bila hiyo hapa kambini huna pa kuanzia, niliandikwa Bahati Kasereka. Kwa miaka kumi na mitano majina haya yaliishi nyumba moja bila kugombana. Paluku alikwenda shule, Kasereka alikwenda kupanga foleni ya chakula. Hawakuwahi kukutana. Walikutana mwaka 2024, siku ya Jumatatu, zikiwa zimebaki siku nne fomu ya ufadhili ifungwe.

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Tuliondoka Rutshuru mwishoni mwa 2008, wakati wa vita vya CNDP. Nilikuwa na miaka mitano. Wazazi wangu hawakuvuka mpaka, na hilo nitaliacha hapo. Niliovuka nao ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama, mume wake Kasereka, na watoto wao wawili. Njiani watu walikuwa wanasema kwamba mtoto asiye na mzazi anatengwa, anapelekwa kwingine peke yake. Sijui nani alianzisha maneno hayo. Mkiwa mnakimbia, maneno hayana mwenyewe. Lakini mama mdogo aliyashika. Tulipofika mbele ya meza ya kuandikishwa, akaulizwa, "Hawa wote ni wako?" Akajibu, "Ndiyo, wote ni wangu." Akaulizwa jina la baba, akataja Kasereka. Nikawa mtoto wa tatu wa Kasereka.

Shule nayo ilikuwa na meza yake. Siku ya kwanza P1 mwalimu aliuliza kila mtoto jina lake. Mama yangu, kabla ya yote, alikuwa amenifundisha kwamba nikipotea sokoni niseme mimi ni Bahati wa Paluku. Basi mwalimu aliponiuliza nikasema nilivyofundishwa. Bahati Paluku. Akaandika. Hakuna aliyedanganya shuleni, na kwenye ile meza nyingine hakuna aliyedanganya kwa ubaya.

Makazi haya ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza kupokelewa hapa walikuwa Wanyarwanda. Baada yao tumekuja sisi Wakongo, wamekuja Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Huwa nawaza ni mama wadogo wangapi, ni bibi wangapi, ni kaka wakubwa wangapi wamesimama mbele ya meza na kusema "wote ni wangu". Naamini siko peke yangu. Kama wewe ni mmoja wao, endelea kusoma.

Sasa turudi 2024. Nilikuwa nimemaliza S6 mwaka uliotangulia. Sisi ni kile kizazi ambacho shule zilitufungia, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kwa hiyo wengi tulimaliza tukiwa na ndevu. Matokeo yalipotoka mwezi wa tatu nilikuwa nimefaulu. Kwa Uganda unahitaji angalau alama kuu mbili za UACE ili chuo kikuu kikufikirie, nami nilikuwa nazo tatu. Nikaendelea na kazi yangu ya kuchaji simu za watu kwa sola pale New Congo, huku nikisubiri tangazo la ufadhili.

Tangazo lilipotoka, nilifanya kile ambacho wengi wetu tunafanya. Nilikimbilia insha. Fomu ilitaka maneno 500 kuhusu maisha yako na malengo yako. Nilikaa na hayo maneno 500 wiki tatu nzima. Nikaandika, nikafuta, nikamwonyesha mwalimu wangu wa zamani, nikamwonyesha Divine, nikamwonyesha kila mtu aliyekuja kuchaji simu akaonekana anajua Kiingereza. Nilijaza vita humo mpaka insha ikawa nzito kama gunia, kwa sababu mtaani tunaambiana kwamba wanataka kusikia vita. Sehemu ya majina na vyeti niliiona ndogo. Nikasema hiyo ni dakika tano, nitaijaza mwisho.

Jumatatu jioni ndipo nilipoifungua. Iliandikwa kwamba majina kwenye vyeti vya masomo na kwenye hati ya ukimbizi lazima yafanane.

Nilisoma mara mbili. Nikachukua atestesheni nikaiweka kitandani, nikaweka cheti cha UACE pembeni yake. Nilikuwa naijua tofauti hiyo maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuziona karatasi hizo mbili zikiwa zimelala pamoja. Nilisikia tumbo likikata.

Nikamwita Divine. Yeye ni Mrundi, tulisoma darasa moja, naye alikuwa anaomba nafasi hiyo hiyo. Aliangalia karatasi, hakusema kitu. Kisha akachukua simu yangu akasoma tangazo lote upya, neno kwa neno, kama anavyosoma kila kitu. Akauliza, "Wewe unadhani wanafunga saa ngapi Ijumaa?" Nikasema saa sita usiku, si wameandika 12:00 PM. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni saa sita ya mchana. Ya usiku wangeandika AM." Nilibisha. Tukaiuliza simu yenyewe, tukabadilisha saa tukaangalia. Alikuwa na haki. Kwa hiyo jioni ile ile nilipoteza jina na nikapoteza nusu siku.

Jumanne asubuhi nilikwenda Base Camp kwenye dawati la kurekebisha taarifa za familia. Foleni ilikuwa ndefu, zamu yangu ilifika mchana. Dada aliyekuwa mezani alinisikiliza vizuri, siwezi kusema vibaya. Alisema kurekebisha kunawezekana, ila aliyetoa taarifa mwanzo lazima aje mwenyewe aeleze, na baada ya hapo kuna hatua. "Si kitu cha siku tatu," akasema. Akaniuliza, "Mama yako anaweza kuja kesho?" Nikasema nitamwuliza.

Nilimkuta mama mdogo anapeta maharage. Nikamweleza. Aliacha kupeta.

"Hapana sema kitu kule," akaniambia. "Batasema nilikuwa nakula chakula ya mutoto wa mwingine. Batatuondoa kwa liste."

Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo.

"Wewe hujui. Wewe ulikuwa mutoto."

Mjue hali ilivyokuwa. Mgao ulikuwa umeshapunguzwa, familia zilikuwa zimegawanywa makundi kufuatana na nani anaonekana ana shida zaidi, na kila wiki mtaani kulikuwa na habari ya jirani aliyetolewa. Baba Kasereka alikuwa ameshafariki miaka mitatu nyuma. Yeye alikuwa analima shamba la kukodi na watoto wawili nyuma yangu bado wako shule. Hofu yake haikuwa ya ujinga. Nilinyamaza, nikamsaidia kumaliza maharage, na usiku sikulala.

Jumatano nilipanda gari la kwanza kwenda Mbarara. Nilikuwa na shilingi elfu themanini, akiba yangu yote ya kuchaji simu. Nilijiambia nakwenda kuskani vyeti, maana kule skana ni nzuri na umeme haukatiki ovyo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaambiwa na kijana mmoja wa kwetu kwamba Mbarara kuna watu wanatengeneza.

Barabara ya Isingiro mnaijua. Migomba kulia, migomba kushoto, malori ya matoke yanapakia tangu alfajiri. Nilikaa dirishani nikiwa nimebana bahasha tumboni. Nilijaribu kujiaminisha kwamba si wizi. Mtu anayebadilisha jina ili afanane na yeye mwenyewe, anamwibia nani?

Duka lenyewe sitalitaja. Ni kachumba kenye mashine ya kutoa kopi mbele na kompyuta nyuma ya pazia. Yule bwana alikuwa mcheshi. Aliziangalia karatasi zangu kama fundi cherehani anavyoangalia suruali iliyopasuka. Akasema ni kazi ya dakika kumi, elfu thelathini. Akaziskani zote mbili, akazifungua pembeni kwa pembeni kwenye kioo cha kompyuta, akakuza sehemu ya majina mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole. Kisha akanigeukia akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza unataka rangi au nyeusi na nyeupe:

"Tufute lipi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilidhani kufananisha ni kufananisha tu, sikuwahi kufikiri kwamba lazima moja lifutwe. Paluku lilikuwa pale, kubwa, likisubiri. Kasereka lilikuwa pale. Baba mmoja alinizaa, na sura yake siikumbuki vizuri. Baba mwingine alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye ile njia ya ziwani na akanilipia sare ya S1 kwa kuuza mbuzi. Yule bwana alikuwa ameshaweka kidole kwenye kipanya.

Nikamwambia nisubiri, napiga simu.

Nilisimama nje, boda zinapiga honi, nikampigia mama mdogo. Alipokea akiwa shambani, upepo unasikika.

"Mama mudogo, kuko mutu hapa anaweza kutengeneza majina yafanane. Lakini anauliza tufute gani."

"Kufuta aje?"

"Kufuta ya Paluku kwa vyeti, ao kufuta ya Kasereka kwa atestesheni."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata, nikaita, akasema yupo.

"Ya baba yako hapana futa," akasema. "Ulifika huku na ile jina tu. Hukukuwa na kitu ingine."

"Basi ya Kasereka?"

"Na ile njo ilikulisha."

Akanyamaza tena. Halafu akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu ili nisije nikayabadilisha nikizeeka. "Sikia. Mimi njo nilisema, si wewe. Uandike vile ilikuwa. Kama bananiita, nitaenda niseme mwenyewe."

Nilirudi ndani nikamwambia yule bwana aniprintie hizo skani kama zilivyo, na anitumie kwenye simu. Hakukasirika. Alicheka akasema wengi wanarudi kesho. Nikamlipa elfu tano za skani, nikatoka.

Sitaki mtu asome hapa akadhani niliogopa dhambi peke yake. Niliogopa pia polisi. Kughushi hati ni kosa la jinai Uganda, na kwa mkimbizi kesi kama hiyo inaweza kukufuata kila ofisi utakayoingia. Lakini saa ile nilipotoka dukani sikuwa nafikiri polisi. Nilikuwa nafikiri kwamba mama mdogo, mtu ambaye jana alikuwa anatetemeka na ungo mkononi, ameniambia niandike ukweli wakati mwenye kuumia ni yeye.

Nikaanza kuuliza: kama mtu ana majina mawili na yote ni ya kweli, sheria inasemaje? Niliuliza mlinzi wa benki, niliuliza mama anayeuza magazeti, nikaelekezwa kwa ofisi ya wakili ghorofa ya pili. Karani akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka yote niliyosoma: kuna hati ya kiapo. Unaandika kwamba wewe unayeitwa hivi kwenye karatasi hii na hivi kwenye karatasi ile ni mtu mmoja, unaeleza sababu, unaapa na kusaini mbele ya kamishna wa viapo, anagonga muhuri. Waganda wenyewe wanaitumia kila siku, kwa sababu nao majina yao yanakosewa kila siku. Nilishangaa sana. Miaka yote nilidhani tatizo la majina mawili ni la wakimbizi.

Hati ile ilinigharimu elfu hamsini. Ndiyo, ukweli ulizidi uongo kwa elfu ishirini. Nilipohesabu, baada ya nauli ya kurudi zilibaki elfu tano. Nikanunua roleksi moja nikala nimesimama, nikapanda gari. Baadaye niligundua kwamba kuna mashirika ya msaada wa sheria yanayohudumia wakimbizi, na pengine ningesaidiwa bila kulipa kama ningekwenda mwezi mmoja kabla. Lakini mtu aliyebakiwa na siku mbili hana muda wa kusaidiwa bure.

Alhamisi nilianza kwa mwenyekiti wa RWC1 wa mtaa wetu. Anatujua tangu nikiwa mdogo. Nilipomweleza alicheka kidogo, akasema, "Kumbe wewe si wa Kasereka? Mbona unatembea kama yeye?" Akaniandikia barua kwamba ananifahamu kwa majina yote mawili, akagonga muhuri. Mwalimu wangu naye akaandika ya kwake. Jioni nikakaa na Divine kwenye kibanda changu cha sola. Pale kwenye fomu palikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada, maneno 100. Nikaandika kwa mara moja, bila kufuta: "Nilipokuwa na miaka mitano, mama yangu mdogo alisema mimi ni mwanawe ili tusitenganishwe. Jina Paluku nililipewa na baba aliyenizaa na jina Kasereka nililipewa na baba aliyenilea. Yote mawili ni yangu. Hati ya kiapo na barua mbili nimeambatisha." Divine akasoma. Akasema, "Hii ni nzuri kuliko yale maneno 500." Aliniudhi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Usiku huo mtandao ulikuwa kama mnavyoujua. Faili moja linapanda, la pili linakwama kwenye asilimia tisini, linarudi mwanzo. Mega zikaisha, tukanunua nyingine kwa mkopo. Saa nane usiku tukaacha. Ijumaa asubuhi tukapanda kilimani pale ambapo watu wanakwenda kutafuta mtandao, tukapunguza ukubwa wa mafaili, tukatuma moja moja. Divine alituma wa kwanza. Yangu ilikubali saa tano na dakika arobaini na moja. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa. Kama ningebaki na akili yangu ya saa sita usiku, saa hizo ningekuwa bado natafuta mega.

Sasa matokeo. Niliitwa kwenye usaili. Mmoja wa waliokuwa mezani aliushika ule ukurasa wa maelezo akaniuliza, "Na huyu mama mdogo yuko wapi sasa?" Nikasema yuko nyumbani, Nakivale, leo anapalilia. Akaandika kitu. Sikuchukuliwa. Divine alichukuliwa, sasa yuko Mbarara anasoma, na wikendi anakuja kutusumbua na kusoma kwake neno kwa neno. Sijui kwa nini mimi sikuchukuliwa. Nafasi ni chache na waliofaulu ni wengi, na wapo waliokuwa na alama kunizidi. Nililia siku moja, nikaendelea kuchaji simu.

Lakini mwezi wa tisa mwaka ule kulitokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko usaili. Mama mdogo aliamka asubuhi, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia, "Twende kwa ile dawati." Sikuwa nimemwomba. Tukapanga foleni tangu saa moja. Alipofika mezani hakuniacha niseme. Alisema mwenyewe, kwamba huyu si mtoto wa tumbo langu, ni mtoto wa dada yangu, nilisema ni wangu kwa sababu niliogopa, na kama kuna kosa ni langu. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini sauti haikutetemeka. Yule dada akauliza maswali, akaandika, akatuambia tusubiri kuitwa. Tuliitwa mara tatu. Ilichukua karibu miezi mitano. Sasa atestesheni yetu inasema Bahati Paluku, na mahali pa uhusiano imeandikwa kwamba mimi ni mpwa. Kwetu chakula hakikukatwa kwa sababu hiyo. Hofu ya miaka kumi na sita, na ilipotoka mdomoni hakuna aliyempigia kelele.

Aliniomba nimsomee lile neno la Kiingereza. Nikamwambia maana yake mtoto wa dada. Akasema sawa, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Kisha akanituma maji kama kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo, lakini ni huu. Usianze na insha. Leo usiku, kabla tangazo lolote halijatoka, toa karatasi zako zote uziweke kitandani: atestesheni, kitambulisho cha ukimbizi, PLE, UCE, UACE, kadi ya ubatizo kama unayo. Soma majina herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa pia. Jina likishapigwa kwenye cheti cha UNEB halibadiliki kwa kuomba tu, kwa hiyo nyinyi mlio P6 na S3, angalieni sasa, kabla hamjaandikishwa mtihani. Mliokuja na diploma ya serikali kutoka Kongo, kumbukeni inabidi ilinganishwe kwanza na UNEB kule Kampala, na hilo nalo si la wiki moja. Ufadhili kama DAFI, ambao umekuwepo tangu 1992, hutangazwa kwa msimu na ukifungwa umefungwa. Na ukiona 12:00 PM, ni mchana.

Ukikuta una majina mawili, usimwendee mtu wa nyuma ya pazia. Kaa na aliyekuandikisha, kama yupo hai, umwulize ilikuwaje. Usimwulize kama polisi. Huenda alikuwa anakuokoa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika: UNHCR na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni. Mwaka 2019 tulikuwa asilimia 1, na tangu hapo tumepanda. Tunashukuru. Kila tunapokutana tunazungumzia karo, na karo ni kweli. Tunaomba mzungumzie na majina pia. Mkija shuleni kutuhamasisha, njooni na mtu wa dawati la taarifa na mtu wa sheria, na mwaambie akina mama waziwazi nini kitatokea wakisema ukweli, maana wengi wananyamaza kwa sababu hawajui. Mama mdogo alinyamaza miaka kumi na sita.

Mwaka huu nilituma siku ya tatu tangu fomu ifunguliwe. Insha niliiandika upya, na safari hii vita vimechukua mistari miwili tu. Sina jibu bado.

Jumamosi hii Divine anakuja kutoka Mbarara. Tutakuwa kwenye kibanda changu New Congo kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni karatasi zenu tuzisome pamoja. Kuchaji simu siku hiyo ni bure kwa atakayekuja na atestesheni.